Mfalme Aliyekwama Hajashindwa

Bila shaka umewahi kutuona sisi wanachama wa sataranji tukiwa tumeinamia ubao nyuma ya maktaba wakati wa chakula cha mchana, kimya kama watu waliofiwa, halafu ghafla mmoja akaruka juu akishangilia na mwingine akashika kichwa. Wengi hupita wakicheka. Wengine husimama, wakaomba kufundishwa, na baada ya wiki mbili tatu huwa tayari wanajua namna kila kete inavyotembea. Hapo ndipo matatizo huanza. Mwanafunzi mgeni hujifunza kula kete za mwenzake upesi sana, akamwacha mfalme wa watu peke yake kama mkiwa, na bado mchezo ukaisha bila yeye kushinda. Jambo linalomnyang'anya ushindi huo ndilo ninalokusudia kulieleza hapa. Waingereza huliita stelimeti. Sisi katika chama chetu tumekubaliana kuliita mkwamo, na ninaomba walimu wetu wa Kiswahili watuwie radhi ikiwa kamusi ina neno lililo bora zaidi.

Kwanza nieleze maneno machache ili tusipotezane njiani. Mchezo wenyewe wengi huuita chesi, lakini Kiswahili kina neno sataranji, lililotujia kupitia Kiarabu. Waarabu waliupata mchezo kwa Waajemi, na Waajemi waliupata kutoka Bara Hindi, ambako inasemekana ulianza yapata karne ya 6. Kila upande una kete kumi na sita: mfalme, malkia, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili na askari wanane. Mfalme anapotishwa, yaani kete ya adui ikiwa tayari kumla katika zamu ifuatayo, tunasema amepigwa cheki. Akipigwa cheki na asiwe na pa kukimbilia, wala wa kumkinga, wala wa kumla yule anayemtisha, basi hiyo ni mati na mchezo umekwisha. Neno mati linatokana na usemi wa Kiajemi shah mat, yaani mfalme hana la kufanya tena. Na huyo shah ndiye yule yule shaha tunayemsikia tukisema shaha wa malenga. Kwa hivyo mnaona kwamba mchezo huu si mgeni kabisa kwa chama chetu cha Kiswahili!

Sasa mkwamo ni nini? Mkwamo hutokea wakati zamu ni ya mchezaji fulani, mfalme wake hajapigwa cheki, lakini hana hatua hata moja anayoruhusiwa kucheza, si kwa mfalme wala kwa kete nyingine yoyote aliyobaki nayo. Yote hayo lazima yawepo kwa pamoja. Yakiwepo, mchezo unaisha papo hapo na kuhesabiwa sare. Hakuna kubembelezana, hakuna kurudia. Hii ndiyo kanuni ya Shirikisho la Sataranji Duniani, FIDE, lililoundwa jijini Paris mwaka 1924, na ndiyo inayotumika katika mashindano ya shule pia. Anayeshinda hupata pointi moja, anayeshindwa hupata sufuri, na wakitoka sare kila mmoja huondoka na nusu.

Huenda ukauliza, kwani mati na mkwamo vina tofauti gani ikiwa katika yote mawili mfalme hana pa kwenda? Hebu fikiria mtu aliye ndani ya nyumba yenye milango mitatu, na nje ya kila mlango amelala simba. Akitoka ataliwa. Lakini simba hawajaingia ndani, na hapo alipoketi yuko salama salimini. Huyo amekwama. Sasa fikiria simba mmoja ameingia chumbani na milango bado imezibwa. Hiyo ndiyo mati. Katika sataranji mfalme haruhusiwi kuingia kwa hiari yake mahali atakapoliwa, na pia mchezaji haruhusiwi kusema, "Mimi zamu hii napita." Lazima acheze. Basi mtu anayelazimishwa kutoka na wakati huo huo amekatazwa kutoka, utamhukumu vipi? Kanuni imeona ni heri mchezo usimamishwe na pointi igawanywe.

Nimejaribu kuchunguza kwa nini wanafunzi wa shule yetu huanguka katika shimo hili mara nyingi hivyo, nami nimefikia maoni yangu mwenyewe. Tatizo ni drafti. Naam, drafti ile ile ya vifuniko vya soda na kipande cha katoni ambayo karibu sote tulijifunza kwa kaka zetu na kwa wazee wa pale stendi ya matatu. Katika drafti ukimzibia mwenzako njia zote mpaka asiwe na kete ya kusogeza, umemshinda. Wewe unapiga kelele "Nimekufunga!", naye anainuka na kumpisha mwingine kwenye kigogo. Bao la Waswahili nalo liko vivyo hivyo, kwani asiye na hatua ya kucheza ameshindwa. Basi mtoto anakua na fikira kwamba kumfunga mtu njia ndiko kumshinda. Akija kwenye sataranji analeta fikira ile ile, na ubao unafanana, miraba myeusi na myeupe, sitini na minne. Anamzungusha mfalme wa mwenzake mpaka anambana pembeni, anakunja mikono na kungojea kushangiliwa. Kumbe katika sataranji kumbana mfalme bila kumtisha ni kumwokoa.

Nilishuhudia jambo hilo mwaka jana muhula wa pili, tulipozuru shule moja ya jirani kwa mashindano ya mabao manne, yaani wachezaji wanne wanne. Mabao matatu yalikuwa yamekwisha na tulikuwa tumelingana, moja na nusu kwa moja na nusu. Kulikuwa kumebaki bao la nne, ambako msichana wetu wa kidato cha kwanza alikuwa na malkia na mfalme, na mpinzani wake alikuwa na mfalme peke yake. Sisi wengine tulikwisha kuanza kuhesabu nauli ya kwenda raundi iliyofuata. Yule dada mdogo alimfukuza mfalme mpaka kwenye pembe, akamweka malkia karibu, akasema kwa sauti, "Mati!" Mwamuzi, mwalimu mmoja mpole mwenye miwani, akainama akatazama, kisha akamwuliza, "Binti yangu, mfalme wake anatishwa na nani?" Msichana akatazama ubao. Akatazama tena. Hakujibu. Mwamuzi akaandika nusu kwa nusu. Mabao yakawa mawili kwa mawili, na kwenye jedwali wenyeji wakawa mbele yetu kwa nusu pointi tu. Katika matatu ya kurudi hakuna aliyemlaumu, lakini njia nzima alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo cha dirisha, na mimi nikawa nawaza kwamba hakuna hata mmoja kati yetu wakubwa aliyewahi kuketi naye akamweleza jambo hili kwa makini. Tulimfundisha kushambulia tu.

Basi na tulieleze sasa. Mhariri wa gazeti letu amenionya kwamba picha za ubao hazichapishiki vizuri kwenye mashine yetu, kwa hivyo tafadhali tafuta ubao wako au chora mmoja kwenye daftari. Safu za wima huitwa a, b, c mpaka h, kuanzia mkono wa kushoto wa mchezaji wa kete nyeupe. Safu za kulala huhesabiwa 1 mpaka 8 kutoka kwake. Kwa hivyo pembe ya mbali ya mkono wake wa kulia ni h8.

Weka mfalme mweusi kwenye h8 na malkia mweupe kwenye g6. Mfalme mweupe muweke mbali, tuseme c3. Zamu ni ya mweusi. Mfalme ana miraba mitatu ya kukimbilia: g8, g7 na h7. Malkia anailinda yote mitatu, g7 na g8 kwa kwenda moja kwa moja mbele, na h7 kwa mshazari. Lakini je, anaigusa h8 yenyewe? Haigusi. Ni mkwamo. Sasa mwondoe malkia g6 umpeleke f7. Mambo ni yale yale. Ukitazama vizuri utaona kwamba kutoka g6 au f7 hadi h8 ni mruko mmoja wa farasi, miraba miwili mbele na mmoja kando. Malkia ana uwezo wa kwenda kila upande isipokuwa kuruka kama farasi. Kwa hivyo shika sana jambo hili: mfalme akiwa peke yake kwenye pembe, usimweke malkia wako umbali wa mruko wa farasi kutoka kwake.

Jambo linalochanganya watu ni kwamba walimu wa sataranji huwafundisha wanafunzi kumfukuza mfalme kwa umbali huo huo wa mruko wa farasi. Nao hawakukosea. Mfalme akiwa katikati ya ubao, umbali huo ni mzuri sana, kwani unamnyima njia nyingi na kumsukuma ukingoni bila wewe kuhangaika. Ubaya ni kuendelea kumfuata kwa mazoea hadi kwenye pembe. Mfalme anaruka, malkia anaruka, mfalme anaruka, malkia anaruka, kama watoto wanaochezea kivuli, na hatua ya mwisho ya kivuli ndiyo inayoharibu kila kitu.

Njia iliyo salama ni hii. Mfalme akishafika ukingoni, mwache malkia wako amzuie kwa mbali, usimguse tena. Kwa mfano mfalme mweusi akiwa g8 au h8, mweke malkia kwenye e7. Kutoka hapo malkia anaufunga mstari wote wa 7 na pia mraba wa f8. Mfalme mweusi atabaki na nyumba ya vyumba viwili, g8 na h8, akienda na kurudi, akienda na kurudi. Kila zamu ana hatua moja, kwa hivyo hakwami. Wewe huku unamleta mfalme wako polepole: kutoka c3 hadi d4, kisha e5, kisha f6. Hatua tatu tu. Akishafika f6, malkia anaingia g7 na kupiga cheki huku analindwa na mfalme wake. Adui akiwa g8, ni mati. Akiwa h8, ni mati vile vile. Jaribu mwenyewe mara kumi usiku mmoja kabla ya kulala, ukianzia mahali tofauti tofauti, na sidhani kama utapoteza tena nusu pointi kwa njia hii. Wengi hushindwa kwa sababu wanadhani malkia anaweza kuua peke yake. Hawezi. Lazima mfalme atoke nyumbani akamsaidie mkewe.

Kwa ngome mbili hatari ni ndogo, maana mtu humsukuma mfalme mstari baada ya mstari kama anayepanda ngazi, na karibu kila hatua ni cheki. Sina haja ya kukaa hapo.

Nataka badala yake niseme juu ya ulafi. Wanafunzi wengi, hasa wavulana, wakiona wameshinda hawataki kumaliza. Wanataka kula kila kitu kwanza! Wanamla askari wa mwisho wa mwenzao aliyekuwa amesimama kando bila kumdhuru mtu, halafu wanawapeleka askari wao mwisho wa ubao kugeuzwa malkia, wa pili, wa tatu. Nimemwona mtu hapa shuleni akiwa na malkia wanne, ametabasamu kama mwenye arusi, na baada ya hatua mbili akapata sare. Malkia wanne huziba miraba mingi mno. Tena yule askari aliyeliwa bure ndiye aliyekuwa kinga dhidi ya mkwamo. Rudi kwenye mfano wetu wa kwanza, mfalme h8 na malkia g6, lakini safari hii mwongezee mweusi askari kwenye a7. Sasa si mkwamo tena, kwa sababu hata kama mfalme hawezi kusogea, askari anaweza kwenda a6, na kanuni inataka kwamba asiwe na hatua yoyote ile. Ndiyo maana mchezaji mwerevu humwachia adui yake askari mmoja aliye huru kutembea, ilimradi askari huyo hawezi kufika mwisho kabla ya mati.

Huyo askari naye ana mkwamo wake, na huu hutokea katika mchezo ambao umekwisha kupunguza kete zote. Weka askari mweupe kwenye e7, mfalme mweupe kwenye e6, na mfalme mweusi kwenye e8. Zamu ya mweusi. Miraba ya d8 na f8 inalindwa na askari, d7 na f7 inalindwa na mfalme, na askari mwenyewe haliki kwa kuwa mfalme yuko nyuma yake. Amekwama, sare. Askari amebakisha hatua moja tu awe malkia na hafiki! Wachezaji wazoefu hupima hivi: mfalme wako akiwa d6 na askari e6, tazama adui yuko wapi kabla ya kumsukuma askari hadi e7. Ikiwa mfalme mweusi yuko e8, askari ataingia e7 bila kupiga cheki, mweusi atalazimika kwenda f7, na wewe utaingia d7 na kumpeleka askari wako hadi kwenye taji. Ikiwa mfalme mweusi yuko d8, askari akiingia e7 atampiga cheki, mweusi ataingia e8 mbele yake, na hapo una mawili, umwache askari aliwe au uingie e6 umkwamishe adui. Yote ni sare.

Na kuna mfano mwingine ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu unafundisha unyenyekevu kidogo. Mfalme mweusi yuko h7. Mfalme mweupe f6, askari mweupe f7. Zamu ni ya mweupe na askari anaingia f8. Kila mtu atasema, "Malkia!" bila kufikiri. Haya, mweke malkia. Anaziba g8, h8 na h6, mfalme anaziba g6 na g7, na h7 yenyewe haiguswi na mtu. Mkwamo. Lakini kanuni inaruhusu askari ageuzwe kete yoyote isipokuwa mfalme na askari mwenzake. Mgeuze awe ngome. Ngome haiendi mshazari, kwa hivyo h6 inabaki wazi na mfalme mweusi analazimika kuingia huko. Ngome inateleza hadi h8, na ni mati. Kete iliyo dhaifu zaidi ndiyo iliyoshinda, kwa kuwa ilimwachia adui pumzi moja.

Mpaka hapa nimezungumza kama kwamba mkwamo ni ugonjwa tu. Kwa yule anayeshindwa, ni dawa. Mwaka 1946 huko Groningen, Uholanzi, mzee Ossip Bernstein alicheza na kijana Vasily Smyslov, ambaye baadaye mwaka 1957 alikuja kuwa bingwa wa dunia. Smyslov alikuwa mbele, akamsogeza askari wake hatua moja tu kutoka mwisho wa ubao, akiamini kwamba ngome ya Bernstein ikimla askari huyo basi yeye ataipata ngome hiyo bure. Bernstein akamla askari bila wasiwasi. Alikuwa ameona kwamba Smyslov akiila ngome yake, yeye Bernstein atabaki na mfalme kwenye f3, na kuzunguka pande zote kutakuwa na miraba iliyozibwa, na hana kete nyingine ya kusogeza. Smyslov aliona mtego kwa kuchelewa, akaiacha ngome, na mchezo ukaisha sare. Basi ikiwa mtu wa kiwango cha Smyslov alishikwa, sioni kwa nini mwanafunzi wa kidato cha kwanza aone haya.

Mfano mwingine ni wa Larry Evans na Samuel Reshevsky katika mashindano ya ubingwa wa Marekani ya mwaka 1963 na 1964, yaliyofanyika New York. Evans alikuwa anashindwa waziwazi. Mfalme wake alikuwa amebanwa pembeni kwenye h1, na askari wake waliobaki walikuwa wamezibwa na askari wa mwenzake, hawaendi mbele hawarudi nyuma. Watu wengi hapo hukata tamaa na kumpa mwenzao mkono. Evans alihesabu kwamba amebakiwa na kete mbili tu zinazoweza kutembea, malkia na ngome, na kwamba akizipoteza zote mbili atakuwa amekwama. Basi akaanza kuzitupa! Akampeleka malkia wake g8, cheki, na mfalme wa Reshevsky hakuwa na budi kumla. Kisha ngome ikaingia g7, cheki tena. Mfalme akiila, mkwamo. Malkia akiila, mkwamo. Mfalme akikimbia, ngome inamfuata na kupiga cheki nyingine. Reshevsky, aliyekuwa bingwa wa Marekani mara kadhaa, hakuwa na jinsi ila kukubali sare. Mimi nilipouweka mchezo huu ubaoni kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu hadi mama akauliza kuna nini.

Na kuna kisa cha ukorofi. Mwaka 1978 mjini Baguio, Ufilipino, Anatoly Karpov na Viktor Korchnoi waligombea ubingwa wa dunia huku wakichukiana kiasi cha kutosemeshana. Mchezo wa tano ulipokwisha kuwa sare kwa namna yoyote ile, Korchnoi hakutaka kumwambia mwenzake, "Tukubaliane sare." Akaendelea kucheza mpaka hatua ya 124, akamkwamisha Karpov, na kwa njia hiyo mchezo ukaisha bila neno.

Mwanafunzi mwenzangu mmoja alipinga vikali tulipojadili haya chamani. Alisema si haki mtu mwenye malkia mzima agawane pointi na mtu asiye na kitu. Hakuwa wa kwanza kusema hivyo. Katika sataranji ya kale ya Waarabu na Waajemi, aliyemkwamisha mwenzake alihesabiwa mshindi, kama katika drafti yetu. Huko Uingereza kuanzia karne ya 17 mambo yalipinduka kabisa, aliyekwamishwa ndiye aliyepewa ushindi, na mwenye malkia akaenda nyumbani mikono mitupu. Ni mwanzoni mwa karne ya 19 ndipo Waingereza walipoacha kanuni hiyo na kufuata sare. Hata Emanuel Lasker, bingwa wa dunia kuanzia 1894 hadi 1921, alipendekeza kwamba anayemkwamisha mwenzake apewe zaidi kidogo ya nusu. Pendekezo lake halikukubaliwa. Mimi kwa maoni yangu naona ni vyema lilivyokataliwa. Mkwamo ukiondolewa, anayeongoza kwa askari mmoja atashinda kwa usingizi, na anayeshindwa hatakuwa na sababu ya kuendelea kufikiri.

Tangu safari ile ya mwaka jana, tumeweka desturi moja katika chama. Kabla ya kugusa kete, kwa maana ukiigusa lazima uisogeze, kila mmoja hujiuliza kimoyomoyo: nikicheza hivi, yeye atacheza nini? Ukipata jibu hata moja, endelea. Ukikosa jibu, angalia kama ni cheki. Kama si cheki, ondoa mkono wako upesi! Yule dada wa kidato cha kwanza, ambaye sasa yuko kidato cha pili, ndiye anayewafundisha wageni jambo hili, na ni mkali kuliko mwalimu.

Kwa wale wanaotaka kujipima, hili hapa fumbo. Mfalme mweupe yuko b6, malkia mweupe c7, mfalme mweusi a8. Ikiwa zamu ni ya mweusi, mchezo umeishaje? Ikiwa zamu ni ya mweupe, acheze nini? Na ikiwa mweusi ana askari kwenye h5 na zamu ni yake, itakuwaje? Majibu tutayabandika kwenye ubao wa matangazo Jumatatu ya kwanza baada ya gazeti hili kutoka. Asiyeweza kungoja aje nyuma ya maktaba saa saba, ila aje na ubao wake, kwani tulio nao ni miwili tu na mmoja umepoteza farasi.